Kambarage na Rafiki Zake wa Masomoni

Kila mwaka, majina ya wanafunzi waliochaguliwa kwenda vyuoni yakiisha kutangazwa, nyumba nyingi za Wakatoliki hushikwa na furaha na wasiwasi kwa pamoja. Mama hutafuta sanduku, baba huhesabu nauli na karo, na wadogo wa yule aendaye hukaa wakimtazama kama mtu aliyekwisha kuwa mgeni. Jambo moja halitajwi sana katika maandalio hayo, nalo ndilo tutakalo kulisema leo: kijana huyo ataishi na nani huko aendako? Hatusemi juu ya chumba wala kitanda. Twasema juu ya watu watakaomgongea mlango siku ya Jumapili waende pamoja kanisani, na ambao siku ya huzuni watajua kuwa amehuzunika kabla hajawaambia.

Twaandika haya tukiwakumbuka hasa vijana wa Lutindi, katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe, na wenzao wa Handeni walio ng'ambo ya mto Pangani. Kijana wa Lutindi amezoea kusalimiwa na kila apitaye njiani, tena kuulizwa habari za nyumbani kwao mmoja mmoja. Hushuka mlimani hata barabara kuu, akapanda basi la Dar es Salaam au Arusha au Dodoma, na jua likichwa yumo katika mji ambamo hapana mtu hata mmoja amjuaye. Lutindi yenyewe ni mahali panapofahamu maana ya kuwapa wapweke ndugu wapya. Mwaka 1896 wamisionari Walutheri kutoka Ujerumani walifungua huko makao ya watoto waliookolewa utumwani, watoto wasiokuwa na baba wala mama wa kuwapokea. Na tangu mwaka 1904 pakawa mahali pa kuwatunzia wagonjwa wa akili, kazi ambayo ingali ikiendelea. Lakini mwanafunzi hapelekwi kwenye makao ya namna hiyo. Yeye hupelekwa chuoni, na huko hudhaniwa kuwa kwa sababu amezungukwa na watu elfu kadhaa hawezi kuwa mpweke.

Basi tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu sehemu moja ya maisha ya mtu ambaye kila Mtanzania adhani amemjua vya kutosha, yaani Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Wengi wamjua Rais wa kwanza, na wengi wajua kuwa tangu mwaka 2005 Kanisa limekuwa likichunguza maisha yake kwa ajili ya kumtangaza mwenye heri, kazi iliyoanzishwa na Jimbo la Musoma. Hayo tutayaacha. Twataka kumtazama alipokuwa mwanafunzi, maana katika miaka ya masomo ndipo alipobatizwa, na njia iliyomfikisha kwenye kisima cha ubatizo ilianza kwa rafiki.

Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa Chifu wa Wazanaki, mtu mwenye wake 22. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mmoja wao. Katika boma lile Ukristu haukuwa desturi ya mtu. Mtoto alilelewa akijua mizimu ya wazee, mvua na mifugo, na hata jina lake Kambarage lilikuwa jina la mzimu wa mvua. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma, mwendo wa kilomita zipatazo 40 kutoka nyumbani. Hapo, kwa mara ya kwanza, alilala mahali ambapo mtoto wa Chifu si kitu zaidi ya mtoto mwingine.

Hapo shuleni alipata rafiki, jina lake Mang'ombe Marwa. Mtoto huyu alikuwa akienda kusikiliza mafundisho ya dini katika misioni ya Nyegina, waliyokuwapo mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu wengi huwaita Mapadre Weupe. Akamchukua Kambarage waende pamoja. Ndiyo habari yote. Hapana ndoto, hapana sauti kutoka mbinguni, wala padre mwenye maneno makali aliyekwenda bomani kumwinda mtoto wa mtawala. Mtoto mmoja alimwambia mwenziwe twende, naye akaenda. Twafikiri makatekista wetu wajua jambo hili kuliko waandishi wa vitabu: watoto wengi wafikao darasani mara ya kwanza hawakuvutwa na mafundisho, bali wamemfuata mtu wanayependa kutembea naye.

Tangu siku zile za Mwisenge hata siku ya ubatizo wake ilipita miaka tisa. Mwaka 1937 aliingia shule ya serikali ya Tabora, shule iliyosifiwa kuliko zote katika Tanganyika ya wakati ule, akakaa huko hata mwisho wa 1942. Mwaka huo huo wa 1942 baba yake alifariki dunia. Kijana akabaki na mama mjane, na ukoo mkubwa, na mambo mengi ya nyumbani yaliyokwisha kupangwa na wazee. Miongoni mwa mambo hayo alikuwamo binti ambaye baba alikuwa amemposea mwanawe kwa desturi ya Kizanaki. Wasomaji wetu waelewe, basi, kwamba kwa kijana huyu kuwa Mkristu hakukuwa kubadili jina tu. Kulikuwa ni kuacha njia ambayo baba yake aliifuata kwa heshima mpaka kufa.

Mwezi wa Januari 1943 alifika Makerere, kule Kampala, chuo kilichoanzishwa mwaka ule ule aliozaliwa yeye. Alikwenda kusomea ualimu kwa msaada wa fedha za masomo. Vita Kuu ya Pili ilikuwa haijakwisha. Watanganyika waliokuwa chuoni walikuwa wachache mno, wenyeji wa Uganda walikuwa kwao, na vijana wa Kenya walikuwa na wenzao wa kuzungumza nao. Kambarage hakuwa Mkristu bado kwa sakramenti, wala hakuwa tena kijana wa mizimu. Alikuwa katikati, mahali ambapo wanafunzi wengi wa leo wapo, ingawa wao wamebatizwa tangu utoto.

Hapa yatupasa kusema jambo ambalo labda litawashangaza waliomwona baadaye akiwachekesha maelfu viwanjani. Walioandika habari zake wasema kuwa huko Makerere hakuwa mtu wa kujichanganya sana. Alipenda vitabu kuliko karamu. Alisoma kemia, biolojia, Kilatini na Kigiriki. Akasoma barua za Mapapa juu ya haki ya wafanyakazi na mambo ya jamii. Akamsoma mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, na kwa mawazo ya huyo akaandika insha juu ya jinsi wanawake wanavyokandamizwa, akitumia mfano wa Wazanaki wenyewe, insha iliyomshindia tuzo. Mtu aliyekulia katika boma la wake 22 hakuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Twataja hayo kwa ajili ya wazazi wenye mtoto mkimya. Mara nyingi twadhani kwamba jumuiya ya Kikristu chuoni ni ya wale wapendao kuimba na kupiga makofi, na kwamba mtoto ajifungiaye na vitabu hana haja nayo, au haina haja naye. Sivyo. Mkimya hahitaji rafiki hamsini. Ahitaji wawili au watatu wa kweli, naye Kambarage aliwapata.

Wa kwanza ni Andrew Tibandebage, mtu wa Bukoba, Mkatoliki, waliyekuwa wamesoma naye Tabora. Wa pili ni Hamza Kibwana Bakari Mwapachu, mtu wa Tanga, Mwislamu. Mwaka 1943 hao watatu walianzisha umoja wa kuwasaidia wanafunzi wachache wa Tanganyika waliokuwa Makerere, wasije wakapotea kama kondoo katika kundi la wengine. Pamoja na hayo Nyerere alianzisha chuoni tawi la Aksyo Katolika, yaani utume wa walei ambao Papa Pius XI aliuhimiza sana kabla ya vita. Hakukaa akingoja wakubwa wamwandalie mahali pa kusali na wenziwe. Aliona pengo, akalijaza.

Twapenda msomaji ayatazame mambo hayo mawili yakiwa pamoja. Kijana yule yule aliyetafuta Wakatoliki wenzake ili wasome na kusali pamoja ndiye aliyeketi na Mwislamu wa Tanga kupanga jinsi ya kuwasaidia Watanganyika wote. Hakuona kuwa jambo moja lalifukuza la pili. Leo twasikia juu ya vikundi vya wanafunzi, katika dini zote, vinavyomfundisha kijana kwamba amekuwa mwamini wa kweli siku anapoacha kuwasalimu wenziwe wasiokuwa wa kwao. Hiyo si jumuiya, ni ua wa miiba.

Kampala nayo ilikuwa na la kumfundisha. Ng'ambo ya kilima cha Makerere waweza kuona Rubaga na Kanisa Kuu lake, lililokamilika mwaka 1925. Na nje ya mji kuna Namugongo, ambako tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenziwe walichomwa moto. Wakati wa Nyerere walikuwa wenye heri tangu mwaka 1920. Utakatifu wao ulitangazwa mwaka 1964. Mara nyingi twawaza juu ya ushujaa wao, twasahau kwamba walikuwa vijana walioishi pamoja katika jumba la mfalme, wakifundishana dini wao kwa wao wakati mapadre walipokuwa mbali. Usiku wa kuamkia kuhukumiwa, Lwanga mwenyewe aliwabatiza baadhi yao waliokuwa bado wakatekumeni, akiwamo mdogo Kizito. Kama kila mmoja angalikuwa peke yake, ni nani awezaye kujua mambo yangalikuwaje?

Ulaya vilevile twaona jambo kama hilo. Miongoni mwa waandishi Wakatoliki ambao Nyerere aliwasoma Makerere alikuwamo Jacques Maritain, Mfaransa. Huyu alizaliwa katika jamaa ya Kiprotestanti isiyoshika sana dini, akakutana chuoni Paris na msichana Myahudi aliyetoka Urusi, Raïssa. Wote wawili walikata tamaa kwa kuwa masomo ya wakati ule hayakuwapa sababu yo yote ya kuishi, hata wakaahidiana kwamba wasipoipata watajiua. Kilichowaokoa ni kufahamiana na mwandishi maskini aitwaye Léon Bloy, aliyewafungulia mlango wa nyumba yake. Mwaka 1906 wakabatizwa, na Bloy akawa msimamizi wao. Sisi hatujui kama Nyerere alipokuwa akisoma kitabu cha Maritain aliiwaza habari hiyo. Lakini yeye naye mlango ulifunguliwa na rafiki.

Mwisho wa mwaka wake wa kwanza chuoni alirudi nyumbani kwa likizo. Tarehe 23 Desemba 1943, siku mbili kabla ya Noeli, akiwa na umri wa miaka 21, alibatizwa Nyegina, misioni ile ile aliyokwenda utotoni pamoja na Mang'ombe. Akapewa jina la Julius. Baadaye alisema waziwazi kuwa haoni sababu ya Mwafrika kutakiwa kuchukua jina la kigeni anapobatizwa, na sisi twaona hakukosea. Lakini jina alilishika hata kufa. Hatudai kwamba Makerere ndiyo iliyomfanya Mkristu. Mbegu ilipandwa Mwisenge. Ila wengi hupandiwa mbegu shuleni, kisha hufika chuoni ikakauka, kwa maana hapana wa kuinyeshea. Yeye alifika chuoni akiwa bado hajabatizwa, na mwaka ulipokwisha alikuwa ameamua.

Vile vyama havikudumu. Umoja wao wa kwanza waliuacha ufe, wakafufua mahali pake tawi la chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, nalo kufikia mwaka 1947 lilikuwa limezimika. Hilo lisimvunje moyo mlezi wa wanafunzi ye yote aonaye kikundi chake kikipungua mwaka hata mwaka. Wanafunzi ni watu wapitao. Wenye bidii humaliza na kwenda zao, na daftari la wanachama hubaki kabatini. Lakini urafiki wao haukuandikwa katika daftari. Nyerere alipomaliza Makerere alipata nafasi mbili za kufundisha katika mji wa Tabora, moja katika shule ya serikali aliyosoma, nyingine katika shule ya misioni ya Mtakatifu Maria, yenye mshahara mdogo zaidi. Akachagua ya misioni. Na hapo Mtakatifu Maria alifundisha pamoja na Tibandebage yule yule. Mwapachu naye baadaye alikuwa mmoja wa wasomi walioitia nguvu TAA mjini Dar es Salaam, chama ambacho mwezi wa Aprili 1953 kilimchagua Nyerere kuwa rais wake, na tarehe 7 Julai 1954 kikageuka kuwa TANU.

Mkuu wa shule ya Mtakatifu Maria, Padre Richard Walsh, alikuwa rafiki wa namna nyingine. Twapenda kumtaja kwa sababu yako mambo ambayo rika peke yake haliwezi kumpa kijana. Padre huyo alimwona mwalimu wake kuwa astahili elimu kubwa zaidi, akamhimiza aitafute. Ombi la kwanza la fedha lilikataliwa. Hawakuacha. Mwezi wa Aprili 1949 Nyerere aliondoka Tanganyika kwa ndege, na kutoka Uingereza ya kusini akapanda gari la moshi mpaka Edinburgh, Scotland.

Huko upweke ulikuwa wa namna ambayo Makerere haikuwa nayo. Mwaka ule, katika Scotland nzima, wanafunzi weusi kutoka nchi za Afrika ya Mashariki zilizotawaliwa na Mwingereza walikuwa wawili tu. Alikaa katika nyumba iliyowekwa kwa ajili ya wanafunzi wa makoloni. Nyumbani alikuwa amemwacha mchumba, Maria Gabriel, mwalimu wa shule ya Nyegina, waliyekuwa wameahidiana naye wakati wa Noeli ya 1948. Lakini mtu aliyekwisha kujifunza namna ya kupata rafiki hasahau upesi. Alifanya urafiki na Wanigeria na watu wa visiwa vya Karibi na wenyeji wa mji vilevile, akasoma uchumi, historia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili, na mwezi wa Julai 1952 akapata shahada yake.

Sasa tuwageukie wazazi. Twajua karo ni nzito, na mwenye kuuza mahindi au chai ili mtoto asome hastahili kuongezewa mzigo. Hata hivyo liko jambo lisilo na gharama. Kabla kijana hajaondoka, mwulizeni paroko wenu jina la padre mlezi wa wanafunzi huko aendako. Katika vyuo vingi kuna umoja wa wanafunzi Wakatoliki, ujulikanao kwa herufi TMCS, na kijana wa parokia ya jirani aliyekwisha kusoma huko mwaka mmoja aweza kumpokea mwenziwe stendi. Jumuiya ndogondogo ya nyumbani imwombee kwa jina, si kwa jumla pamoja na wanafunzi wote. Na apigapo simu, msimwulize mitihani tu. Mwulizeni amekula na nani. Twamfahamu mzazi mmoja aliyegundua kwa swali hilo moja kwamba mwanawe alikuwa amekaa majuma saba bila kula na mtu.

Na kwa kijana mwenyewe twasema kwamba asingoje kualikwa. Waliofika chuoni siku moja naye nao wamo vyumbani mwao wakingoja vilevile. Tena ikiwa katika bweni lake yupo mwenzake ambaye hajabatizwa, au aliyebatizwa akaacha, asifikiri kuwa lazima awe na maneno mengi ya dini kabla ya kumkaribia. Mang'ombe Marwa alikuwa mtoto wa shule ya msingi.

Nyerere aliporudi kutoka Ulaya alifunga ndoa na Maria mwezi wa Januari 1953. Alifundisha Pugu, katika shule ya Mtakatifu Fransisko, mpaka mwezi wa Machi 1955, alipoacha kazi kwa ajili ya siasa. Mwaka huo alirudi kwao, na huko alikaa na Padre Arthur Wille, mmisionari wa Maryknoll, akimfundisha Kizanaki na kumsaidia kutafsiri mafundisho ya dini kwa lugha hiyo, ili Wazanaki wayasikie katika maneno ya nyumbani. Katika miaka yote ya utawala wake alishika desturi ya kwenda Misa, hata siku za kazi, akikaa kanisani kama waamini wengine.

Bibi Mgaya, yule mke wa Chifu aliyemlea mwanawe katika desturi za mizimu, naye baadaye alibatizwa, akaitwa Christina. Aliishi miaka mingi sana, akafariki dunia mwaka 1997. Mwanawe alimfuata tarehe 14 Oktoba 1999, katika hospitali mjini London, akaletwa nyumbani na kuzikwa Butiama.